Gunia Nisilolichoma Bambo

Lusaka, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani unapepeta, na goti lako la kushoto likiwa limekuachia ulale. Tulipoongea wiki mbili zilizopita uliniambia limepoa, lakini nilikusikia ukivuta pumzi ulipoinuka kufunga mlango, kwa hiyo sikukuamini. Mwambie mdogo wangu Athumani akupeleke hospitali Korogwe, na asikwambie pikipiki imeharibika. Mahindi yamekaukaje huko Mnyuzi? Mvua ya mwisho iliwaharibia wale wa bondeni, au ilipita juu kwa juu? Na kuku wako, wamebaki wangapi? Swali la kuku lina sababu yake, utaiona mbele.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku mwezi huu ni kavu, inapasua midomo, lakini nina blanketi lako na asubuhi nakunywa uji. Kuhusu mengine siwezi kusema mzima mpaka nimalize kuandika.

Nimechukua karatasi badala ya simu kwa sababu simu yako inasikika mpaka kwa jirani. Halafu kwenye simu ungeniuliza, "Umelia?" nami ningesema hapana, na mazungumzo yangeishia hapo. Bahasha nitampa dereva wa basi la Dar, yule ninayemtumia siku zote. Ataikabidhi kwa basi la Korogwe na Athumani ataipokea stendi. Isome peke yako kwanza. Hata kama miwani imepotea, itafute, usimpe Athumani akusomee. Barua inahusu washenga wa Kabuku, na nataka ikufikie kabla wao hawajafika.

Itabidi nianzie kazini, maana ndiko jambo lilikotokea. Umeniuliza mara nyingi ninafanya nini hasa, nami nimekuwa nikijibu, "Kompyuta, mama," jibu la kivivu. Leo nakueleza vizuri, na nadhani utanielewa kuliko wengi, kwa kuwa umetunza ghala la mahindi la kikundi tangu mimi sijajua kusoma. Kampuni yetu nayo ina ghala, ila halina magunia, lina taarifa. Zahanati za vijijini, mbali kaskazini na magharibi mwa nchi hii, kila jioni zinatuma orodha ya dawa zilizobaki kwenye rafu: chanjo, dawa za malaria, maji ya drip. Orodha hizo zinaingia kwenye ghala, zinapangwa, na asubuhi watu wa magari ya dawa wanalifungua na kuona nani amepungukiwa nini. Wenyewe tunaliita ghala la data. Mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wake. Mimi ndiye niliyeliwasha na kulizima, na niliyejua kila chumba chake. Sikuwahi kukuambia jinsi nilivyojivunia, maana ningeonekana nakuiga.

Hamza yuko kampuni hiyo hiyo, alinitangulia mwaka mmoja. Kazi yake ni mashine zinazobeba ghala. Sema yeye anatunza jengo, mimi natunza kilichomo. Tulifanya kazi hivyo miaka miwili, na katikati ya mwaka wa pili akaniambia anataka kunioa, nami nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Unakumbuka alivyoingia uani kwetu mara ya kwanza. Hakupiga hodi. Alimkamata yule tetea wako wa madoa, akamshika miguu, akasimama mbele yako.

"Mpagazi mzee," akasema, "babu zenu walipita nchi ya Wazigua na mizigo ya watu, hawakulipa ushuru wa njia. Nimekuja kuuchukua."

Nawe hukuinuka hata kwenye kigoda. "Chukua, Mzigua. Ila nyie si ndio mliouza watoto wenu kwa kibaba cha mahindi? Huyo kuku asiuzwe kabla hujafika Kabuku."

Halafu mkacheka mpaka ukashika ubavu, na jioni ukaniita jikoni ukasema, "Huyu amelelewa vizuri. Anajua utani." Ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afariki. Babu zangu wote wawili walitoka Tabora kuja kukata mkonge, na sisi wajukuu Kinyamwezi kimetuishia, tumebakiwa na salamu mbili tatu na utani. Kijana wa Kizigua akija kuchukua kuku bila kuomba, maana yake anajua sisi ni nani. Nilimpenda zaidi siku ile, mama. Nasema hivyo ili ujue sikuwa na sababu ya kumtafutia kosa.

Basi huo utani tuliuleta mpaka huku. Ofisini watu wanaongea Kiingereza, sisi wawili tukikutana kwenye korido ni Kiswahili na matusi. Yeye akitaka kalamu yangu anaichukua, akitaka nusu ya chakula changu anajipakulia, na mimi vivyo hivyo. Wenzetu Wazambia walikuwa wanashangaa, mmoja aliwahi kuniuliza kama tumegombana. Nilimwambia huyu ni mtani wangu, hatuwezi kugombana, ni marufuku.

Mwezi uliopita kampuni iliamua kuhamisha ghala. Mashine za zamani zilikuwa zimechoka, zikanunuliwa mpya, nyingi, zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Kila kitu kilichokuwa ndani ya zile za zamani kilitakiwa kunakiliwa kwenye mpya, kisha za zamani zizimwe. Ilipangwa ifanyike Ijumaa mpaka Jumapili, na Jumatatu asubuhi ghala liwashwe likiwa kwenye makao mapya.

Kuna fomu ya kazi hiyo. Kila hatua ina nafasi mbili za sahihi: ya kwanza ya aliyefanya, ya pili ya mtu mwingine aliyekagua kwa macho yake. Bila sahihi ya pili hatua haihesabiki. Hatua ya saba ilikuwa ya Hamza. Ilihusu umiliki wa vyumba. Mashine hazijui majina ya watu, mama, zinajua namba, kama funguo zenye vibati. Kwenye mashine za zamani ghala langu lilikuwa na namba yake, na kila faili ilikuwa imeandikwa mali ya namba ile. Kwenye mashine mpya namba hiyo hiyo ilishapewa mwingine. Kwa hiyo baada ya kunakili, Hamza alitakiwa apite chumba kwa chumba abadilishe umiliki, na mimi nipite nyuma yake nithibitishe.

Jumamosi alasiri alinifuata mezani na fomu. Nilikuwa naandaa mambo yangu ya Jumatatu.

"Mpagazi," akasema, "tua mzigo, weka jina hapa."

"Umemaliza vyote?"

"Vyote."

"Ngoja nifungue niangalie."

Akaiweka fomu juu ya mikono yangu ili nisiweze kuandika. "Yaani na mimi unanikagua? Wiki chache zijazo washenga wangu wako kwa mama yako, na wewe unanikagua?"

"Ndiyo fomu inavyosema."

"Fomu ya Wazambia. Mtani akiomba hanyimwi. Nataka sahihi yako kama nilivyotaka kuku wa mama yako. Lete."

Nikacheka. Nikasaini. Sikufungua hata chumba kimoja. Akaichukua fomu akaondoka anapiga mluzi, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu nikiwa na furaha, nikifikiria kitenge ulichosema umekiona Mombo.

Jumatatu nilifika mapema. Nikaliwasha ghala. Likaamka sekunde nne, likafa. Nikaliwasha tena, sekunde nne, likafa. Unajua jinsi mtu anavyozungusha ufunguo kwenye kufuli lake mwenyewe na kufuli linakataa. Kwanza unadhani umekosea ufunguo, halafu unadhani umekosea nyumba. Nilidhani labda linaamka kabla mashine mpya hazijaungana nalo, kama mtu anayefika stoo kabla mwenye geti hajaja. Nikalipa amri lisubiri kwanza. Likasubiri, likaamka, likafa. Nikaangalia kama njia za kwenda mashine za zamani zimebaki zimeandikwa mahali. Nikakuta mbili, nikazirekebisha. Likafa.

Saa tatu simu zikaanza. Muuguzi mmoja wa zahanati ya mbali, sauti yake ya utulivu kabisa, aliniambia, "Dada, nina akina mama wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri na watoto wao. Gari la chanjo linakuja kwetu au haliji?" Nikamwambia sijui. Ndilo jibu lililokuwa la kweli. Baadaye nilisikia watu wa magari walipakia kwa kukisia, na gari la upande ule likaelekea kwingine.

Hamza alikuja na kiti chake akaketi karibu yangu. Aliniletea chai ya maziwa. Akaniwekea mkono begani.

"Pole, mpagazi. Mimi naona ni mtandao. Hebu anza na zile nyaya za chumba cha chini."

Nilimwamini. Nikashuka, nikakagua waya baada ya waya, nikipima kila mmoja, saa mbili nzima. Alinifuata mara moja kuniuliza kama nimepata kitu. Nilipanda tena nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, chai imepoa juu ya meza, naye akasema, "Hata usijali, tutalipata."

Ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Niliacha kukisia, nikasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari. Mashine huandika kila kinachozipata, hazina aibu. Iliandikwa kwamba ghala lilinyoosha mkono kufungua chumba chake lenyewe, likaambiwa halina ruhusa. Nikafungua vyumba. Vya kwanza vilikuwa na namba sahihi. Nikaendelea, na katikati namba sahihi zikakatika. Kuanzia pale mpaka mwisho kila kitu kilikuwa mali ya mgeni. Data yote ilikuwepo, hakuna iliyopotea, ila nusu yake haikumjua mwenyewe.

Kama vyote vingekuwa vibaya ningesema amesahau. Nusu ina maana nyingine. Nikatafuta kwenye kumbukumbu za Jumamosi. Amri ya Hamza ilianza vizuri, ikafika katikati, ikagonga kosa, ikasimama. Aliliona lile kosa. Aliijaribu mara ya pili, ikasimama pale pale. Baada ya hapo hakuna kitu. Robo saa baadaye ndiyo saa aliyokuja mezani kwangu na fomu.

Mama, nilikaa pale nikasoma saa zile mbili, ya amri kusimama na ya sahihi yangu, mpaka tarakimu zikapoteza maana. Nikaendelea kazi kwa kuwa muuguzi alikuwa anasubiri. Nilibadilisha umiliki wa vyumba vilivyobaki, kila kimoja nikakifungua kukiangalia, na saa tisa alasiri ghala likaamka, likabaki macho. Watu wa ofisini walipiga makofi. Hamza alipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake mkuu wetu, mama mmoja wa Kizambia asiyependa maneno mengi, aliniita. Aliniuliza kilichotokea nikamweleza chote, pamoja na kwamba sahihi ni yangu na sikuangalia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kompyuta yake nione ujumbe ambao Hamza alimwandikia Jumapili, siku moja kabla ya ghala kukataa kuwaka. Nimeusoma mara nyingi kichwani, naujua kwa moyo. Aliandika kwamba uhamishaji umekamilika, kwamba hatua ya saba imekaguliwa na Siwema, na kwamba binafsi ana wasiwasi na ukaguzi wake, kwa kuwa siku hizi akili yake iko kwenye harusi.

Jumapili ile, mama, tulikula pamoja mchana. Alinimenyea chungwa.

Mkuu akasema, "Najua sasa alichofanya, na nitaongea naye. Lakini aliyefanya kazi anaweza kukosea. Aliyekagua hakuwekwa pale akosee." Nilikusikia wewe ndani ya maneno yake.

Hukumu ilikuwa hivi. Nimeondolewa kwenye ghala kwa miezi kadhaa, sina ruhusa ya kuliwasha wala kuligusa. Napokea simu za zahanati. Hamza amepewa onyo la maandishi. Na nafasi ya mkuu wa kitengo, ile ambayo sote wawili tuliomba bila kuambiana kwamba tunashindana, anaishika yeye kwa muda, kwa sababu, walisema, mimi kwa sasa siwezi na mwingine hayupo.

Nilimkuta kwenye korido karibu na maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kuongea taratibu.

"Ulijua tangu Jumamosi."

"Mpagazi, punguza sauti."

"Hawajui Kiswahili. Ulijua?"

"Nilijua imekwama. Nikadhani zikizimwa zikawashwa zitajirekebisha. Wakati mwingine zinajirekebisha."

"Na waya? Ulinishusha chini nikapima waya saa mbili."

Akatazama kikombe chake. "Nilikuwa natafuta nafasi nimalizie kimya kimya. Ungekaa pale usingeniachia mashine."

"Na ujumbe wa Jumapili?"

Akaongea kama mtu anayemweleza mtoto hesabu rahisi. "Siwema, nafasi ni moja. Lawama ikija kwangu tunaikosa wote. Ikija kwako inabaki nyumbani. Mimi nikipanda, wewe si umepanda? Utakuwa mke wa mkuu wa kitengo. Nimkosee nani kama si mtu wangu? Mtu baki angenishtaki."

Nikainama nikajichotea maji. Akadhani nimelainika, akatabasamu lile tabasamu la siku ya tetea, akanigonga bega. "Halafu wewe ni mtani wangu. Mtani hakasiriki."

Neno lako la kibaba cha mahindi lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nililimeza. Nilijua nikilisema atacheka na kulijibu, na tutakuwa tumerudi kwenye utani, na kosa lake litakuwa limefunikwa hapo hapo mbele yangu. Tena lisingekuwa haki. Wazigua hawakunifanyia kitu. Aliyeniuza ana jina moja.

Tangu siku hiyo najiuliza nilikuwa nimelala wapi. Kazi kukwama ningemsamehe kabla hajaomba, maana mashine humkwamia kila mtu. Lakini alipokwama alifikiria nani wa kubeba, na akanichagua mimi kwa sababu nampenda. Alipima kila kitu nilichompa akaona ni kizito cha kutosha kumfunika. Ile chai aliyoniletea aliikoroga mwenyewe, akaweka sukari kama ninavyopenda. Hilo ndilo linaloniamsha.

Na kila nikiamka nakumbuka Mjomba alipokuja toka Mashewa na magunia yake kumi na mawili. Nilikuwa darasa la nne, nimekaa juu ya mizani. Ulichukua bambo lako, kile chuma chenye mfereji, ukaanza kudunga gunia la kwanza. Mjomba akasimama.

"Dada, na mimi unanichoma bambo? Mimi niliyenyonya nawe ziwa moja?"

"Nachoma gunia, kaka. Wewe sijakugusa."

Ukayachoma yote kumi na mawili, ukamwaga punje kiganjani, ukazitazama, ukazing'ata. Zote zilikuwa kavu na safi. Ukaandika, ukaweka sahihi. Na Mjomba akala ugali kwetu mchana ule, akakutania kwamba siku ya kiama utamchoma bambo malaika. Hakununa. Nilikuwepo, nikayaona yote, nikafaulu mitihani mpaka chuo kikuu nikiamini hayo ni mambo ya mahindi.

Hamza alisema, "Yaani na mimi unanikagua?" na mimi nikaona aibu. Mwenye gunia safi haoni uchungu wa bambo. Ningechoma lake, ningemjua Jumamosi ile ile, mezani, kabla chozi lolote halijatoka.

Kwa hiyo mama, sitaolewa na Hamza. Nimemwambia kwa mdomo wangu, hapa, mchana, akiwa amekaa. Alisema nimechanganya kazi na nyumbani. Alisema nitatulia. Alisema washenga wameshapangwa, wazee wa Kabuku hawawezi kurudishwa njiani kama kondoo, na kwamba wewe utanishangaa. Hilo la mwisho lilinitisha kweli, na ndiyo sababu nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Najua ulimpenda. Najua umeshawaambia wanawake wa kikundi, na shangazi ameshaniwekea kitambaa kwa fundi. Aibu hii nakuletea wewe uibebe mbele za watu wakati mimi niko mbali, na sina cha kukupunguzia zaidi ya kukuambia ukweli wote, pamoja na ule unaonihusu. Kama unaona nimekosea, niandikie hivyo. Lakini usiwape jibu la ndiyo kwa kudhani nitatulia. Nimetulia tayari.

Kazini nimebaki. Napokea simu. Muuguzi akiuliza kama dawa ipo, simwambii ipo mpaka nimeiona kwa macho yangu kwenye skrini, hata kama yule anayeshika ghala sasa amesema ipo. Wananiona mzito. Yule muuguzi wa benchi alipiga tena juzi. Chanjo zilimfikia siku ya tatu, na baadhi ya akina mama walikuwa wameshaondoka. Hakunilaumu. Nilimwomba radhi, akaniuliza kwani mimi nilifanya nini, nikamwambia niliweka sahihi.

Nisalimie Mjomba wa Mashewa. Mwambie yale magunia kumi na mawili bado nayakumbuka, yeye atashangaa, wewe usimweleze. Nisalimie shangazi anayewauzia abiria chakula pale Mombo. Kitambaa alichonichagulia asikirudishe dukani, fundi anishonee gauni la kawaida la kwendea kazini. Nisalimie mama wa maziwa, yule jirani yetu aliyetoka na ng'ombe upande wa Handeni, mwambie sijapata maziwa ya mgando kama yake nchi hii yote. Na Athumani, mshukuru kwa kubeba bahasha hii bila kuifungua. Nitaigundisha mara mbili, nitajua.

Sasa la Jumamosi ya washenga. Wakija wapokee vizuri. Wape chai, wape wali, wakianza utani wajibu, tena usiwahurumie. Wakitoa barua ya posa iliyofungwa kwenye kitambaa, usiifungue. Nenda uani, kamata kuku mmoja, awe mnono, mfunge miguu, umpe mshenga mkubwa mkononi pamoja na barua yao ikiwa kwenye kitambaa chake. Mwambie kuku ni wa utani, na utani hatujauvunja. Watu wa Kabuku wataendelea kuingia uani kwetu bila hodi, na siku nikifa waje wanitanie kaburini, ni haki yao. Barua warudi nayo. Mtani anachukua kuku, hachukui jina la mtu. Jina langu hakupewa na mtu, alilichukua kwenye fomu, na ndilo pekee ninalolitaka lirudi nyumbani.

Nimeisoma barua hii tangu neno la kwanza, mstari kwa mstari, ndipo naiweka sahihi.

Mwanao,
Siwema